Kapteni hafungi mabao, lakini msimtoe

Vijana wenzangu wa Lobule, Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi, na ninyi mliojificha mjini Arua na Koboko mkisema mko masomoni, nawaandikia ninyi. Na ninyi wa mashirika mnaosomaga hapa kimyakimya, karibuni pia. Leo kuna sehemu yenu.

Jumamosi timu yetu ina kikao. Ajenda ni moja: kumtoa kapteni. Msimu huu tulipangiwa mechi 10. Tumeshinda 2, tumetoka sare 1, tumefungwa 6, na 1 hatukufika uwanjani, wapinzani wakapewa pointi za bure. Watu wamechoka. Ukipita sokoni Koboko na jezi yetu, watoto wanakuhesabia mabao kwa vidole. Kwa hiyo kuna wanaosema shida ni uongozi. Ati kapteni ni mpole mno, hapigi kelele, Kiingereza chake ni cha kubahatisha, na mashindano yanayokuja kati ya wakimbizi na wenyeji yanataka mtu wa kusimama mbele za wageni na kuongea.

Nikiri kitu kwanza. Wazo la kumtoa lilianza kwangu. Mimi ni golikipa, na golikipa aliyefungwa mabao 4 hulala akitafuta mtu wa kumbebesha mzigo. Usiku ule niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Sisi hatuna kapteni, tuko na mtu wa kubeba kitambaa tu." Watu wakacheka, wakaweka na dole gumba. Yeye mwenyewe alisoma. Hakujibu kitu. Kesho yake alinipigia kuuliza kama bega langu limepoa.

Sasa nimebadilika mawazo, na nataka niseme kwa nini kabla ya Jumamosi, maana kwenye kikao kila mtu atataka kuongea na mimi nikikasirika nabaki na kigugumizi.

Swali lenyewe ni hili: timu inayofungwa kila siku, uongozi wa ndani unaisaidia kweli, au ni maneno ya kufarijiana? Nilimuuliza mfanyakazi mmoja wa shirika, kijana Mmarekani aliyekuwa anakuja kutuangalia mazoezi. Akaniambia kwao wanabishana hivyohivyo kuhusu besiboli. Besiboli ni mchezo wa watu wa hesabu. Wanaandika kila mpira uliorushwa, kila mpira uliopigwa, nani alipiga, nani alidaka. Lakini kwenye majedwali yao yote hakuna safu ya kapteni. Wazee wa mchezo wanasema mchezaji mkongwe mwenye busara anaibadilisha timu yote, watu wa hesabu wanasema sawa, tuonyeshe kwenye namba. Na timu ikishinda kila mtu anasema walikuwa na umoja, ikifungwa wanasema umoja haukuwepo. Hapo watu wa hesabu nawapa haki. Umoja unaogunduliwa baada ya matokeo hausaidii kitu.

(Kwa wanaocheka kwamba besiboli inatuhusu nini: Uganda inacheza. Mwaka 2011 watoto kutoka Kampala walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Marekani, wakanyimwa viza. Sisi tunaijua hiyo hadithi ya makaratasi. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Walifungwa mechi zao mbili za mwanzo, wakawa wametoka. Halafu wakacheza mechi ya tatu ambayo haikuwa na kombe wala nini, wakawafunga watoto wa Oregon 3 kwa 2. Ile mechi naifikiria sana. Umeshatoka, hakuna cha kupata, na bado unavaa glovu.)

Turudi Arua. Wengi wetu mpira mkubwa tuliujua kupitia Onduparaka. Mwaka 2016 walipanda Ligi Kuu ya Uganda, na West Nile nzima ikawa viwavi, maana hilo ndilo jina lao la utani. Mara yangu ya kwanza kuingia Green Light nilikuwa mtoto, nimedandia lori la matofali kutoka Koboko, nyumbani wakijua niko shule. Muhammad Shaban alikuwa anatufanya tuamini kwamba mtu wa huku anaweza kuchezea Cranes, na kweli akachezea. Baadaye akaenda KCCA. Miaka ikapita, na mwaka 2023 Onduparaka ikashuka daraja.

Siku zile ukikaa pale wanapokaanga rolex mjini Arua ulikuwa unasikia uchambuzi mmoja tu: "Chumbani hakuna viongozi." Mimi nilikuwa narudia kama kasuku. Leo naona tuliwaonea wachezaji. Timu ya Arua ikienda kucheza Kampala inasafiri karibu kilomita 500, halafu inarudi kilomita hizohizo. Akiibuka mchezaji mzuri, klabu kubwa inakuja kumchukua. Kapteni gani, hata awe na busara ya Suleimani, ataziba nafasi ya straika aliyeuzwa? Atatia mafuta kwenye basi kwa hotuba?

Halafu angalieni ndugu zao wa Arua Hill. Walipanda Ligi Kuu mwaka 2021, wakawa mji mmoja una timu mbili za juu, tukawa tunatamba. Msimu wa 2023/24 haukuisha kabla hawajaondolewa ligini, na hawakuondolewa kwa kufungwa. Waliondolewa kwa kushindwa kufika kwenye mechi. Sina neno la kuwalaumu, mambo ya klabu kubwa yana wenyewe. Nachukua kitu kimoja tu hapo: timu inaweza kufungwa mara nyingi ikabaki timu. Isipofika uwanjani, imekwisha.

Hapo ndipo kapteni wetu anapoingia.

Wasiotujua, timu yetu ni mchanganyiko. Kuna sisi wa Lobule tuliovuka kutoka Congo, kuna wa Sudan Kusini wanaokaa mjini Koboko, na kuna wenyeji. Mgeni akisikia kwamba Kikakwa kinaongewa pande zote tatu, Uganda, Congo na Sudan Kusini, anafikiri basi huku hakuna shida, wote ndugu. Njoo umuone huyo ndugu tukifungwa. Hatuna chumba cha kubadilishia nguo, tuna mwembe. Mwanzo wa msimu, mechi ikiisha, chini ya mwembe mmoja kulikuwa na duara tatu: wale waliokulia Yei na Kiarabu chao cha Juba, sisi na Kiswahili chetu tunachokichanganya na Lingala, na wenyeji na Kilugbara na Kiingereza chao. Kila duara likieleza kwa lugha yake kwamba waliofungisha ni duara lile. Lugha ambayo mwenzako haelewi ina raha moja, unaweza kumtukana akiwa pale pale.

Mechi ya kwanza tulifungwa 6. Ya pili 5. Kapteni hakutoa hotuba. Alichofanya kilinikera, nikaona ni mambo ya mtunza stoo. Tulikuwa na jozi 13 za viatu kwa watu 22. Zamani kila duara lilikuwa na viatu vyake. Yeye akakusanya vyote, akatupima miguu, akagawa upya kwa namba ya mguu peke yake. Winga wetu Mkongo anavaa 41, beki wa kulia kutoka Yei anavaa 41, basi kiatu chao ni kimoja. Mmoja akifanya mazoezi ya nusu ya kwanza, mwingine nusu ya pili. Maana yake lazima wapigiane simu. Lazima mmoja ajue mwenzake yuko wapi, anaumwa au mzima, kiatu kimekauka au bado kiko kwenye uzi. Wiki mbili baadaye yule winga alikuwa anajua kusalimia kwa Kiarabu cha Juba, na matusi machache pia.

Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Mechi ya tatu tukashinda 1 kwa bila, bahati tupu, mpira uligonga mgongo wa mtu ukaingia. Ya nne tukafungwa 4, ndiyo usiku ule nikaandika upuuzi wangu.

Halafu akaondoka. Mama yake mkubwa aliugua Rhino Camp, akaenda kumuuguza wiki tatu. Kabla hajaondoka alimpa msaidizi wake daftari. Ni daftari la shule la kurasa 96, kila mazoezi anaandika nani amekuja, nani hakuja, na kwa nini. Nililiona ndani kwa mara ya kwanza wakati hayupo. Nilifikiri ni la kutoza faini. Kumbe pembeni ya majina kulikuwa na vitu kama "amepata kibarua cha kupakia mchanga, Alhamisi hawezi", "dada yake amejifungua", "hajala, mgao". Hiyo ya mwisho ilikuwa mara nyingi. Mnajua wenyewe hali ilivyo tangu mwaka 2023 walipotugawa kwa makundi ya mgao, na mwaka 2025 wengi wakaondolewa kabisa. Straika wetu mmoja, tuliyekuwa tunamwita mvivu, alikuwa na hilo neno karibu kila Alhamisi. Kapteni alikuwa anamtoa mapema kwenye mazoezi akisingizia anataka kumjaribu mwingine. Hakuwahi kutuambia.

Daftari halidanganyi. Jumanne ya mwisho akiwepo tulikuwa 21. Jumanne ya kwanza hayupo, 17. Wiki ya pili, 12. Tukacheza mechi ya tano tukiwa 11 kamili, benchi limekaa tupu, tukafungwa 5. Wiki ya tatu mazoezini tulikuwa 8. Ilipofika mechi ya sita, asubuhi msaidizi akapiga simu mpaka salio likaisha, wakapatikana 6. Hatukwenda. Hakuna aliyegoma, hakuna ugomvi. Kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri, na hakukuwa na mtu anayezijua zote.

Aliporudi hakuuliza nani mwenye makosa. Ana bodaboda ya kukodi, analipa mwenye pikipiki kila jioni, kwa hiyo kila safari ya bure ni hela yake inayopotea. Jumanne ya kwanza aliwapitia mabeki wangu wanne, mmoja mmoja, akawaleta. Alhamisi vilevile. Akaniambia mimi: "Kadogo, hawa wane ni ya kwako sasa. Uwajue sauti, na wajue ya kwako." Tangu siku hiyo wale wanne hawajabadilika.

Matokeo? Mechi nne za kwanza za msimu tulifungwa jumla ya mabao 15. Mechi nne za mwisho tumefungwa 5. Mimi mikono yangu ni ileile, sijapata kocha wa makipa, glovu zina tundu. Kilichobadilika ni kwamba nikisema "toka" beki wa kushoto anajua natoka mimi au namwambia atoke yeye, maana tumekosana juu ya hilo neno mara ishirini mazoezini. Ili mkosane mara ishirini lazima mje mara ishirini. Hiyo ndiyo safu ambayo watu wa hesabu hawana, au wanayo na hawaisomi: waliohudhuria.

Lakini sitaki kuwauzia mbuzi kwenye gunia. Kati ya hizo mechi nne za mwisho tumeshinda 1, sare 1, tumefungwa 2. Jumapili iliyopita tumefungwa 1 kwa bila na timu iliyotuzidi kila kitu. Hatufungi mabao, na kapteni hawezi kutufundisha kufunga kwa sababu yeye mwenyewe hajui. Ni beki mzito, akigeuka unaweza kunywa chai. Anayesema kapteni atatupeleka kwenye ubingwa anadanganya, na anayesema tumefungwa kwa sababu yake anadanganya pia. Tungekuwa na viatu 22, chakula cha kutosha, na mtu wa kutufundisha kumalizia, hata kapteni mbovu angeonekana hodari. Tulishawahi kuwa naye mmoja wa hivyo, alikuwa na sauti kama muezini, na soda za mashindano zilikuwa zinafika kwetu nusu kreti.

Wenzetu wa Sudan Kusini watasema mbona timu yao ya mpira wa kikapu ilipaa. Ni kweli, na ule mfano naupenda, tuuangalie vizuri tu. Luol Deng, aliyezaliwa Wau, akakimbilia Misri na familia, akakulia London, akacheza NBA, alichukua uongozi wa shirikisho lao mwaka 2019. Yeye hakuwa uwanjani kufunga. Alitoa hela zake na akapiga simu. Aliwatafuta vijana wenye damu ya nyumbani waliotawanyika Marekani, Australia na kwingine, akawaambia njooni. Kwenye mechi za kufuzu AfroBasket ya mwaka 2021 waliingia kuziba nafasi ya Algeria. Mwaka 2023 wakacheza Kombe la Dunia, mwaka 2024 Olimpiki. Tarehe 20 Julai 2024 Marekani, na LeBron wao, waliponea 101 kwa 100. Siku ile nilikuwa kwenye kibanda cha video Koboko, na wazee wasiojua hata kikapu kina pete ngapi walikuwa wanalia. Siku nane baadaye, kabla ya kucheza na Puerto Rico, waliwekewa kwanza wimbo wa taifa wa Sudan badala ya wao. Wachezaji wakasimama wakasubiri mpaka ukawekwa wa kwao, halafu wakashinda 90 kwa 79.

Ila msisahau, wale ni watu wanaolipwa kucheza, wanakula, wanalala, wana madaktari. Uongozi uliwakusanya, vipaji na miili ilikuwepo tayari. Kwetu kukusanya ndiyo hatua tuliyofika. Bado hatujafika kwenye kushinda, na mtu akituahidi njia ya mkato nitamwuliza mafuta atanunua nani.

Sasa ninyi wa mashirika. Nawaheshimu, na bila jezi zenu tungecheza na fulana za chama. Lakini tumeambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba mradi ungependa kapteni "mwenye sifa za uongozi", na sote tumeelewa ni nani. Ni kijana mzuri, rafiki yangu, ana cheti cha semina ya siku tatu na Kiingereza kinachotiririka. Kwenye daftari, kati ya mazoezi 10 ya mwisho amekuja 4. Yeye mwenyewe aliniambia juzi, "Mimi nitaongea vizuri na wageni, ila usiku simu yangu inazimwa." Mheshimuni kwa ukweli huo. Mpeni kazi ya kuongea na wageni. Mwiteni msemaji, mpeni hata kofia. Mkitaka kujua kapteni ni nani, msiulize nani anajua kujieleza. Ulizeni wachezaji mmoja mmoja: ukikosa nauli saa kumi na mbili asubuhi unampigia nani? Mtasikia jina moja. Na nauli hiyo, kama bajeti ya semina ijayo bado haijafungwa, ingetosha kumfidia mtu anayetupakia kwa hela ya mwenye pikipiki.

Kwa wachezaji wenzangu nina ombi moja kabla hamjainua mikono. Lilete daftari kikaoni. Lifunguliwe mbele ya watu, kuanzia wiki ya kwanza. Kila mmoja atafute jina lake, asome kilichoandikwa pembeni, hata kama ni aibu. Changu kimeandikwa tarehe ile niliyotuma ule ujumbe: "bega, na ana hasira." Basi.

Kikao ni saa kumi jioni, chini ya mwembe. Wenye viatu vya 41 na 42 mje navyo, kuna mazoezi baada ya kura, yeyote atakayeshinda. Mimi nitapiga kura abaki, na ule ujumbe wangu wa WhatsApp nitaufuta mbele yenu, ingawa najua mmeshaupiga picha.